Rupia Iliyovuta Mchele

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya dawa katika hospitali moja mjini Bungoma, nimeketi kwenye benchi pamoja na wazee wenzangu wa presha, mwanamume asiye na sikio la kushoto alipokuja akasimama mbele yangu. Alinitazama, kisha akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyekutana na dada yake. "Sista Nanjala," akasema, "si ni wewe? Ni mimi Kizito. Kizito wa Kitale, ile ploti ya Matisi." Nilikuwa nimemjua kabla hajalitaja jina lake. Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado mkono wangu ulijikunja ngumi wenyewe ndani ya mfuko wa sweta. Nilitaka kumpiga palepale mbele ya wajawazito na watoto wenye homa, nimpige mpaka daktari atoke nje kuuliza kuna nini. Akaketi kando yangu bila kukaribishwa. Akaniuliza habari za nyumbani, akauliza watoto, halafu akasogeza mdomo karibu na kuninong'oneza: "Hebu niambie ukweli, sista. Sasa sisi ni wazee. Ile lupia, ilikuwa inavuta ama haikuwa inavuta?"

Niliondoka. Niliiacha foleni, nikaziacha na dawa zangu, nikatembea hadi Kanduyi kwa miguu nikijisemea peke yangu barabarani, watu wakinipisha. Huyu mtu aliacha sikio lake shambani, akamwacha mwenzake chini amekufa, na baada ya yote hayo swali lililobaki kichwani mwake ni lile lile! Basi nimeamua kuuandika mwaka ule sasa hivi nikiwa na hasira, kwa sababu nikipoa nitaanza kumhurumia, na sitaki kumhurumia.

Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa mtu wa kupigana. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta. Wengine walijua kuimba, mimi nilijua kupigana. Nilikuwa nikiishi Kitale, katika mtaa wa Matisi, kwa mama mmoja aliyeitwa Filista, ambaye hatukuwa na undugu wowote ila nilimwita Anti. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika ploti ya mbao ya vyumba vya kupangisha, kuta zimebandikwa magazeti ili baridi isipenye, na tulilala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja kilichojaza nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya meza. Juu ya meza hiyo palikuwa na mikebe ya majani chai, na ndani ya mikebe hiyo hapakuwa na majani chai hata punje. Palikuwa na sarafu. Anti Filista alikuwa keshia wa baa mjini Kitale tangu enzi za masetla, na pesa ya mkoloni ilipoanza kutolewa sokoni yeye alikuwa akizichagua zile za zamani kutoka kwenye droo ya baa na kuweka zake mpya mahali pake. Wenzake walimcheka. Alipostaafu walikuwa na madeni, yeye alikuwa na mikebe, na hakuna aliyemcheka mbele yake kwa sababu alikuwa na mdomo mchafu na mkono mwepesi.

Mikebe hiyo ninayo mimi leo, kwa hiyo najua ninachokisema. Ulikuwepo mkebe wa senti zenye tundu katikati, zile ambazo mafundi wa zamani walizitia chini ya misumari ya bati ili mvua isivuje. Nyingine bado zina lami ya paa la mzungu fulani. Ulikuwepo wa shilingi zenye simba na milima. Ulikuwepo wa rupia za fedha zenye uso wa malkia, zilizoletwa na Wahindi wa reli, na ulikuwepo mmoja mdogo wenye riale tatu nene zilizoteremka kutoka Uhabeshi kupitia Lodwar, zenye picha ya mwanamke mnene mwenye kifua wazi kiasi cha kumfanya padri aangalie pembeni. Jioni, baada ya ugali na managu, Anti alimwaga mkebe mmoja juu ya leso na kuanza kuzigeuza. "Hii ilinunua ng'ombe wa mtu," alikuwa akisema. "Na hii ilinywewa pombe tu, ona vile imechakaa." Mimi nilikuwa nikinyoosha mkono kuchukua mojawapo na mwiko unanitua kwenye kifundo kabla sijaifikia. "Pembeni! Shika pembeni! Hapo katikati ni uso wa mtu!" Nilipigwa mwiko huo mwaka mzima, na mpaka leo nikipewa chenji na kondakta naishika pembeni.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka masoko. Siku ya soko la mji wa Kwanza nilikuwa Kwanza, siku ya Kiminini nilikuwa Kiminini, nikiwa na mfuko wa turubai begani, nikiwaambia akina mama kwamba nanunua pesa zilizokufa. Walicheka, wakaenda nyumbani, wakarudi na vitu vilivyofungwa kwenye pindo la kanga. Anti alinifunza sheria moja tu: usinunue iliyosuguliwa. Watu wetu wakitaka kukupendeza husafisha kitu kwanza, na sarafu ikisuguliwa kwa majivu na ndimu inang'aa sana na inakuwa imekufa mara ya pili. Kuna mzee alikuja Matisi na sarafu moja adimu, ile iliyotumika muda mfupi kabla ya shilingi kuingia, ambayo Anti alikuwa ameitafuta maisha yake yote, na mzee huyo alikuwa ameisugua kwa mchanga na waya wa sufuria tangu asubuhi ili aje nayo ikiwa safi. Anti aliiangalia, akamzaba kofi. Kisha akakaa kitandani akalia, na mzee akawa anamwomba msamaha bila kujua kosa lake. Yeye mwenyewe hakusugua kamwe. Sarafu yenye uchafu mgumu aliitumbukiza kwenye kikombe cha bati chenye mafuta ya kupikia na kuiacha humo wiki nyingi, mpaka uchafu ulegee wenyewe.

Ulikuwa mwaka wa tohara, na pamoja na njuga za vijana na ngoma za kila upande kulikuwa na wazimu mwingine uliozagaa Trans-Nzoia yote. Watu walisema kuna rupia za zamani zenye nguvu. Ati ukiileta karibu na mchele, punje zinairukia zenyewe. Ati ukiiweka kando ya tochi, tochi inazimika. Ati kuna wazungu wanaoitafuta kwa ajili ya ndege zao, na mwenye nayo hatalima tena maishani. Watu wazima, wenye akili, waliobeba Biblia, walibomoa sehemu za kuotea moto katika nyumba zilizoachwa na masetla na kuchimba sakafu zake. Kule Kwanza mtu alimvunja mama yake mzazi mkono kwa sababu ya rupia iliyokuwa kwenye mkufu wake. Pale Kiminini walinizingira vijana wakitaka kuona kilicho mfukoni mwangu, nikamng'ata mmoja shavuni mpaka akaniachia. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Anti huku nikicheka. Hakucheka. Alisema, "Watu wakitafuta kitu ambacho hakiko, hawawezi kukipata wakatulia."

Kizito alikuwa jirani yetu wa chumba cha pili, tanboi wa malori ya mahindi, yaani mtu wa kupakia na kupakua, mpole, mwimbaji wa kwaya, na kwa kuwa nimeahidi kuwa mkweli nitasema kwamba nilikuwa nimeanza kumpenda. Jumapili tulipika wali, na Jumapili alikula kwetu. Siku hiyo Anti alikuwa anachambua mchele kwenye sinia huku akiitazama rupia moja niliyoileta kutoka Kiminini, iliyochimbuliwa mtu akichimba choo, ambayo ilikuwa imelala kwenye mafuta muda mrefu. Aliitoa, akaifuta harakaharaka kwa kitambaa, akaiweka ukingoni mwa sinia ili mwanga wa mlangoni uiangukie. Kizito akaigusa kidogo kwa kidole, ikateleza ikaangukia mchele. Alipoiokota, punje zilikuwa zimeshika upande mzima.

"Anti!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Imevuta! Lupia imevuta mchele!"

Anti alicheka mpaka akakohoa. "Imevuta mafuta, bwege wewe. Hata kidole chako kikiwa na mafuta kitavuta mchele. Jaribu."

Akajaribu. Alichovya kidole kwenye kikombe, akakiweka kwenye mchele, akakiinua. Punje zilikuwa zimeshika. Alikitazama kidole kwa muda mrefu, kisha akaitazama rupia. "Lakini kidole haijavuta kama lupia," akasema. Sisi tukazidi kucheka. Wali ulipoiva alikula kwa mkono ule ule, akashukuru, akaenda zake, na mimi nikamwona mcheshi.

Ukuta wa mbao hausitiri kitu. Jioni za wiki iliyofuata tulisikia sauti ya mgeni kwa Kizito, sauti nzito ya mtu anayependa kusikika ana adabu. "Uliona na macho yako?" "Na macho yangu, bosi." "Ikashika punje ngapi?" "Mob, bana. Mob sana." Kisha minong'ono, kisha kicheko kidogo. Nilitaka kuuvunja ukuta. Anti alinishika kanga akanikalisha. "Utaenda kumpiga mtu kwa sababu ameamini?" akauliza. Nilimjibu kwamba ndiyo, hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kumpiga mtu. Sasa nikiwaza naona nilikuwa sahihi kuliko yeye, lakini yeye ndiye aliyekuwa na mwiko.

Walikuja Jumapili asubuhi, wakati ploti nzima iko kanisani. Kizito aliingia kwanza, macho chini, na nyuma yake mwanamume mwenye koti na mkoba, ambaye wenzake walimwita Inspekta ingawa sijui aliwahi kukagua nini. Wa tatu alibaki nje kwenye pikapu. Inspekta alitusalimia vizuri, "Hamjambo kina mama," akaketi, akafungua mkoba, na ndani yake mlikuwa na tochi, kipande cha sumaku na mchele kwenye karatasi ya nailoni. Aliiomba rupia. Anti akamwambia iko kwenye kikombe pale, achukue aende nayo, amwache apike. Inspekta aliitoa kwenye mafuta kwa vidole viwili, matone yakidondoka, akaishusha kwenye mchele wake. Alipoinua, punje zilikuwa zimeshika. Nilimwona ameanza kulengwa na machozi, mtu mzima na koti lake.

Hapo nikafanya kile ambacho mtu mwenye hasira na haki anafanya. Nilimpokonya rupia, nikaitia kwenye karai la maji, nikaisugua kwa sabuni na kitambaa, nikaikausha kwa kanga yangu, nikaibwaga katikati ya mchele wake. Nikaiinua mbele ya pua yake. Haikuwa na punje hata moja. "Umeona?" nikamwambia. "Ni mafuta! Nenda ukanunue debe ya mafuta uwe tajiri!"

Nilidhani nimeshinda. Inspekta aliitazama rupia ile safi, akanitazama mimi, akasema polepole, "Umeiosha."

"Ndiyo, nimeiosha."

"Umeosha nguvu yote."

Ngumi ya kwanza ilinitoa jino. Sikuanguka, nilimrudishia, nikamkwaruza uso, na kwa dakika chache tulipigana vizuri mpaka dereva alipoingia akanishika nyuma. Walivunja kitanda. Walimwaga mikebe yote sakafuni, wakapiga magoti wakajaribu sarafu moja moja kwenye mchele, na kila iliyokataa waliirusha ukutani. Anti alipojaribu kuzikusanya Inspekta alimpiga teke la tumbo. Kisha akapata wazo, na niliona jinsi lilivyomfurahisha. "Lupia ya nguvu haitembei peke yake," akamwambia Kizito, akitamka kama yeye, kwa dhihaka. "Huwa na mwenzake. Mama, ya pili iko wapi?" Anti alisema hakuna ya pili. Hakukuwa na ya pili, wala hakukuwa na ya kwanza; alikuwa akiombwa kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani, na hatungeweza kukitoa hata kwa kupenda. Inspekta akauchukua mchi wa kinu chetu cha vitunguu saumu. Wakaulaza mkono wangu wa kulia mezani. Kizito ndiye aliyeshika kifundo.

Sitaeleza sauti. Kidole cha shahada kilikwenda kwanza, na Anti akaapa kwa Mungu hakuna rupia nyingine. Inspekta akainua mchi tena, akauliza tena kwa upole, akaushusha kwenye cha kati. Vidole hivyo havikunjiki mpaka leo. Nikishika kijiko vinaelekea juu na wajukuu wanacheka. Alipouinua mara ya tatu Anti alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi: "Wacha mtoto. Iko."

"Wapi?"

"Bungoma. Upande wa Kanduyi. Nilimzika bwana yangu nayo, kwa kifua."

Inspekta aliuweka mchi chini taratibu. "Na nani yuko huko nyumbani saa hii?"

"Leo Jumapili," Anti akasema. "Wote wako kanisani."

Walituweka nyuma ya pikapu chini ya turubai, pamoja na majembe mawili na nyundo ya kuvunjia mawe, na Kizito akapanda nasi kutulinda. Tulishika barabara ya Webuye. Najua tulipita Kiminini kwa sababu nilisikia wachuuzi wakiita ndizi, na ningeweza kupiga kelele, lakini Anti aliuweka mkono wake juu ya mdomo wangu kabla sijafikiria. Kizito alikuwa akilia. "Sista," akasema, "si ungesema tu mapema?" Nikamtemea damu usoni. Alijifuta kwa shati la kwaya, na hatukusemezana tena kwa miaka hiyo yote mpaka pale kwenye benchi la hospitali. Anti hakulia wala hakuomba. Alikifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikung'uta vumbi, akakifunga upya vizuri, kama mtu anayekaribia nyumbani kwa watu.

Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kidogo nilichokijua kuhusu ndoa yake nilikisikia usiku mmoja alipokuwa na homa: kwamba mumewe, Wanyonyi, alipokufa, watu wa kwao walisema yule mwanamke wa baa amemroga, wakamfukuza mazishini kwa mawe, na hakupewa nafasi ya kulia. Shemeji yake Makokha alilichukua shamba. Tangu hapo Anti hakuwahi kukanyaga Bungoma, na mtu akiitaja mbele yake alitema mate. Sasa alikuwa amesimama nyuma ya pikapu, turubai limefunuliwa, akimwelekeza dereva: pinda hapa, pita miwa, pita tanuri la matofali, simama kwa migomba. Injini ilipozimwa tulisikia ngoma na watu wakiimba.

"Hiyo ni nini?" Inspekta akauliza.

"Ni kanisa. Liko mbali, ni upepo unaleta sauti. Chimbeni haraka."

Walichimba. Kaburi lilikuwa pembeni mwa mahindi, na mahindi yalikuwa yamepandwa mpaka juu ya miguu ya marehemu. Inspekta alivua koti akalikunja vizuri akaliweka kwenye nyasi, akaingia shimoni mwenyewe maana hakumwamini mtu. Kizito aling'oa msalaba wa saruji kwa nyundo. Ulipoanguka, Anti alipiga magoti, akainua mikono, akatoa kilio. Sijasikia kilio kama kile kabla wala baada. Kilikuwa kilio cha mjane siku ya kwanza, na jina la mume ndani yake, na mambo aliyomfanyia, na mambo aliyomwachia, na kilipanda na kushuka na kupanda tena bila yeye kuvuta pumzi. Kilikuwa kimekaa ndani yake miaka yote ile. Ngoma ikanyamaza. Na ndipo nilipojua kanisa liko wapi, kwa sababu migomba ilianza kutikisika: lilikuwa nyuma yake tu, umbali wa kurusha jiwe.

Walitoka kwa wingi, na nguo zao za Jumapili, na waliona msalaba uko chini na mtu mgeni yuko ndani ya kaburi mpaka kiunoni. Nduru ikapigwa. Dereva aliwasha gari akaondoka akiwa ameacha mlango wazi. Inspekta alijaribu kupanda, udongo ukamrudisha. "Mimi ni afisa!" alipiga kelele. "Niko na barua!" Mwanamume mmoja alimpiga mpini wa jembe kwenye meno, na baada ya hapo hakusema kitu kinachoeleweka. Walienda kuchukua matofali kwenye tanuri. Wanawake waliyabeba kwenye leso zao na kuyamwaga pembeni, wanaume wakayatupa, na nilitazama mpaka mwisho. Kizito alikatwa na panga akageuka, akaliacha sikio, akatokomea kwenye miwa. Ningependa kusema nilisikitika. Niliyahesabu matofali kwa furaha, na vidole vyangu vilikuwa vikivimba.

Kisha mtu mmoja akasema, "Na hawa wanawake?"

"Wamekuja nao kwa gari," mwingine akajibu. "Huyu mama mzee ndiye alikuwa anawaonyesha njia, mimi nimemwona."

Anti alisimama. "Mimi ni Filista," akasema. "Mimi ni bibi ya Wanyonyi. Hii ni kaburi ya bwana yangu." Wengi wao walikuwa vijana, hawakuwahi kumwona, wazee waliomjua walikuwa wachache na macho yao yalikuwa mabaya. Wakaanza kubishana. Akaitwa Makokha. Alikuwa mzee wa kanisa hilo, mtu mnene mwenye Biblia kubwa kwapani, na umati ukampisha. "Mzee, hebu angalia. Unamjua huyu mama?"

Anti alimsalimu, "Shemeji," tu, basi. Makokha alimtazama usoni. Alitazama kaburi. Alitazama mahindi yake yaliyosimama vizuri mpaka kwenye mto, na mimi nikaona akiyatazama, nikajua jibu kabla halijatoka.

"Simjui," akasema. "Bibi ya ndugu yangu alikufa zamani, huko Kitale."

Tofali la kwanza lilimpata Anti kwenye bega, nikasikia mfupa. Alianguka njiani, kwenye kijia kinachotoka kanisani kwenda kwenye boma, nami nikamlalia. Nilipigana kwa mkono mmoja na meno na miguu. Nilimvuta mtu gauni likachanika, nikampiga mwingine kichwa tumboni, nikapigwa mgongoni na kitu ambacho bado kinaniamsha siku za baridi. Nilikuwa nikipiga kelele kwamba wao ni wajinga, wajinga wote, na huenda hiyo haikusaidia. Anti chini yangu alikuwa ametulia kabisa. Nilidhani amekufa.

Halafu akanisukuma. Alinisukuma kwa nguvu ya mtu mzima, akatambaa kwa kiwiko kimoja, damu ikimwingia jichoni. Niligeuka kuona anachokimbia. Kwenye migomba alikuwa ametokea mzee mmoja mkongwe sana, ambaye kila mtu alikuwa amemwacha nyuma kanisani kwa haraka ya kuua. Alikuwa anakuja kwa fimbo yake, hatua moja moja, kwenye kijia kile kile. Sikumjua. Anti alimjua. Alikuwa baba ya Wanyonyi, mkwe wake, na kwetu mke hakai karibu na baba mkwe: hampi mkono, hakalii kiti chake, na wakikutana njiani mke humpisha na kuuficha uso. Anti Filista, aliyetukana madereva wa malori na kumzaba kofi mtu kwa sababu ya sarafu, ambaye hakumwogopa mwanamume yeyote Kitale, alitambaa akatoka njiani akaingia kwenye mahindi, akalivuta kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni, akageuza mgongo akapiga magoti. Mgongo huo aliwageuzia watu walioshika matofali. Sidhani hata aliwakumbuka.

Mzee alisimama. Alikuwa bado anaona kidogo. Aliutazama mgongo ule na kitambaa kile kwa muda. Kisha akageuza uso wake upande wa pili, akatoka kwenye kijia naye, akazunguka kwa shida kwenye matuta ya shamba, akizama kwenye udongo mpaka vifundoni, ili asipite karibu na mke wa mtoto wake.

Hakuna aliyesogea mpaka alipofika kwenye boma. Mwanamke mmoja, mwenye gauni la buluu, aliliweka tofali lake chini polepole kama yai. "Ni bibi ya hapa," akasema. Wengine wakaweka yao. Makokha alibaki na Biblia yake kwapani, akiutazama mlango ambamo baba yake alikuwa ameingia, na watu wakaanza kumwangalia.

Tuliletewa maji na kiti. Anti alikataa kiti, akaketi chini pembeni mwa kaburi la mumewe, mkono umening'inia, na mimi nikaketi naye. Inspekta alikuwa upande wa pili wa shimo, ametolewa na kufunikwa kwa koti lake mwenyewe. Nzi walikuwa wameshafika. Nilimuuliza Anti kwa sauti ya chini, watu wasisikie, kama alijua kanisa liko pale.

"Niliolewa kwa hiyo kanisa," akasema.

"Kwa hivyo ulijua watamuua."

Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu kwenye mapaja, jinsi ulivyokuwa. "Mimi nilimuua Kitale," akasema, "alipoinua mchi mara ya tatu. Huku tulikuja kumzika tu."

Niliogopa kidogo, lakini kuliko kuogopa nilimpenda, na nilimpenda hivyo mpaka siku niliyomzika mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, katika shamba hilo hilo ambalo Makokha alilazimishwa kumrudishia. Siku ile alipumzika kidogo tu. Kisha akaomba jembe, akapewa lile la Inspekta, akaanza kumfukia mumewe kwa mkono wake mzima, nami nikamsaidia kwa wa kwangu.